Koplo Aliyesahaulika Mahabusu

Nilirudi Dutwa na begi moja, kompyuta yenye betri iliyochoka na riwaya isiyo na mwisho. Kukosa mwisho hakukunisumbua hata kidogo. Dar es Salaam nilikuwa katika kundi la waandishi vijana tuliokutana kila Jumamosi kusomeana kazi zetu, na kwetu sisi kumaliza hadithi lilikuwa jambo la aibu kidogo, kama kuvaa ndala na soksi. Mtu akisoma hadithi ambayo baba anatoka nje ukurasa wa nne na hatajwi tena, tulikaa kimya, tukatikisa vichwa, kisha mmoja wetu akasema ukimya ule una uzito. Mimi nilisifiwa sana kwa uzito. Hadithi zangu zilijaa watu waliotoka kidogo wasirudi.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na ukumbi wa video kando ya njia ya ng'ombe. Ukumbi ni neno la heshima. Lilikuwa banda la mabati lenye mabenchi kumi na mawili, runinga pana ukutani na spika mlangoni iliyotazama nje ili kuita watu. Siku za kawaida lilionyesha mpira na mabenchi yalijaa nusu. Siku ya mnada ndipo lilipofurika, maana watu walishuka na mifugo na baiskeli kutoka vijijini, wakauza, wakanunua, na baada ya hapo walitaka kukaa mahali penye kivuli waone mambo ya watu wengine. Kwa kuwa tamthilia zilikuja zikizungumza Kiingereza, ilibidi awepo mtafsiri wa kukaa pembeni ya runinga na maiki, apunguze sauti ya filamu, aseme maneno ya wote: jaji, mtuhumiwa, mke wa mtuhumiwa, hata mbwa akibweka. Mtafsiri wa mjomba alikuwa amehamia Mwanza. Siku ya pili tangu nifike, mjomba alinitazama nikinywa uji nikiwa nimeshika kalamu, akauliza kama shuleni nilifundishwa Kiingereza au nilifundishwa kuwaza tu. Nilipojibu kwamba Kiingereza najua, akanipa maiki.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya wanasheria wa jeshi. Kila wiki askari fulani alishtakiwa kwa jambo fulani, kapteni mmoja mwenye kidevu kizuri akamtetea, luteni wa kike akamshtaki, na baina ya kesi na kesi kapteni na luteni walitazamana kwa namna ambayo kina mama wa mabenchi ya mbele waliielewa kabla sijafungua mdomo. Niliipenda. Niliingia siku ile ya kwanza na sauti kumi tofauti. Jaji nilimpa sauti ya baba paroko. Jenerali nilimpa sauti ya mjomba akiwa amekasirika, na mjomba, aliyesimama mlangoni akipokea watu, hakugundua.

Tatizo ni kwamba walioiandika tamthilia ile hawakuwa na kumbukumbu. Au walidhani sisi hatuna. Hapo walikosea vibaya, kwa sababu waliokaa kwenye mabenchi yetu ni watu wa ng'ombe. Mtu ambaye anaweza kusimama mbele ya mifugo mia mbili mnadani, akanyoosha fimbo na kusema yule mwenye doa shavuni ni mtoto wa yule jike aliyeuzwa Maswa miaka ile ya ukame, huwezi kumwekea mezani mkono wa kapteni ukitarajia asiutazame.

Kapteni alipigwa risasi bega la kushoto. Akafungwa bandeji, akatoka hospitali, akatembea kwenye korido ndefu. Alipofungua mlango na kuingia mahakamani, bandeji ilikuwa kulia.

"Mkono umehama," alisema mchuuzi mmoja wa ng'ombe kutoka Ipililo, mtu mrefu aliyekaa siku zote kwenye ncha ya benchi ili miguu yake ipate njia. Hakusema kwa mshangao. Alisema kama anayetoa taarifa.

Nilikuwa na maiki mkononi na ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia. Kule Dar ningesema bandeji ile ni ishara. Pale nilimfanya jaji, aliyekuwa anazungumza habari za vielelezo, aseme: "Kapteni, pole sana, nasikia asubuhi umepigwa tena na bega la pili." Watu wakaguna kwa huruma. Mchuuzi akatikisa kichwa, akaridhika. Nami nikahisi kitu ambacho hakuna Jumamosi ya Dar iliyowahi kunipa: utamu wa kuziba tundu mbele ya watu wanaolitazama.

Nikanogewa. Luteni wa kike alikuwa mjamzito kwa minada minne mfululizo, tumbo mbele kama ngoma, na mnada wa tano akaja amenyooka kama mwanzi na hakuna aliyesema neno juu ya mtoto. Nilimfanya ajifungue katika hotuba yake mwenyewe ya mashtaka. Nikasema mtoto ni wa kike, yuko kwa bibi yake, ana afya. Jenerali naye akabadilika kabisa: msimu wa kwanza alikuwa mtu mwembamba, msimu wa pili akaja mnene, jina lilelile, ofisi ileile, mke yuleyule. Mchuuzi aliinama mbele akamkagua kwa muda, kisha akasema huyu siye, masikio si yake. Nikatangaza kwamba jenerali mwembamba alifariki na mdogo wake amerithi cheo pamoja na mjane. Hilo lilipokelewa vizuri kuliko yote. Bibi mmoja alisema kumbe na wazungu wanajua mambo.

Lakini kesi iliyowashika watu ilikuwa ya koplo. Alikuwa kijana mwenye uso mpole, aliyeshtakiwa kwa kuchoma ghala la chakula cha kambi. Kielelezo kilikuwa kiberiti kimoja. Kapteni alikwenda kumwona mahabusu, akaweka mkono juu ya nondo, akamwambia kesho narudi. Kesho yake kapteni alipelekwa kwenye meli kushughulikia kesi nyingine yenye milipuko, na hakurudi. Si mnada uliofuata, si uliofuata tena. Koplo alibaki ndani na tamthilia ikaendelea kana kwamba hakuzaliwa.

Mama mmoja muuza dagaa kutoka Kiloleli aliuliza habari zake kila wiki. Aliingia na ndoo yake, akaiweka kati ya miguu, akanisalimu "mwadila" ya Kisukuma kwa adabu zote, na kabla sijamaliza kuitikia akauliza, na yule mtoto wa watu? Wiki ya tatu nilishindwa kuvumilia. Kulikuwa na mpishi wa kambi anayelalamikia chumvi katika kipande kisichokuwa na maana yoyote. Nikamfanya mpishi aseme koplo ameachiwa huru kwa kukosekana ushahidi, amerudi kwao, na ameoa. Mama wa dagaa alifunga macho akashukuru. Siku ile nililala vizuri.

Sasa niseme habari za upande wa pili wa njia.

Ng'ambo ya njia ya ng'ombe, hatua thelathini kutoka mlangoni kwetu, kulikuwa na ukumbi mwingine wa mfanyabiashara mmoja wa mbegu, nao ulionyesha tamthilia ileile siku ileile. Mtafsiri wao alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi miaka mingi kama karani wa mahakama ya mwanzo, kazi ya kuita majina na kuandika mashauri. Kiingereza alikijua cha sheria na alikisema Kiswahili chake kilekile cha mahakamani. Hakuwa na sauti kumi. Alikuwa na moja, na daftari. Kapteni alipohama mkono, yeye alisema kwenye maiki: "Bandeji imeonekana kulia. Awali ilikuwa kushoto. Maelezo hayajatolewa." Luteni alipopoteza ujauzito alisema suala la mimba halijatajwa leo. Na kila mnada, mwisho wa kila kipande, alifunga kwa maneno yaleyale, ambayo yalisikika hadi kwetu: "Shauri la koplo, bado."

Nilimcheka sana, na watu wetu wakaniamini mimi kuliko yeye. Nilimwambia mjomba yule mama anatafsiri kama anayesoma tangazo la maji kukatika.

Ikawa spika mbili zinatazamana, mimi nikilia kwa sauti ya mjane wa jenerali na yeye akisoma yake, na katikati watu wanauza ng'ombe. Dalali wa mnada akalalamika kijijini. Alisema alikuwa katikati ya kunadi dume kubwa, mnunuzi akasikia "napinga, Mheshimiwa Jaji" kutoka kushoto, akashusha mkono. Mtendaji wa kijiji alituita wote. Mtu mwenye ofisi mjini angeandika barua na kusubiri majibu; huyu alizaliwa huku, akatumia kanuni anayoijua tangu utotoni, ya ngoma za mashindano baada ya mavuno. Vikundi viwili huwekwa uwanja mmoja, kila kimoja na upande wake, vikaanza kwa wakati mmoja, na watazamaji huhama wanakonogewa. Hakuna majaji. Aliyebaki na watu wengi ndiye. Mtendaji akasema mnada ambao tamthilia itakwisha, kumbi zote mbili zianze pamoja, na saa kumi jioni atakuja yeye mwenyewe kuhesabu waliomo ndani. Atakayezidiwa, siku ya mnada afunge spika na mlango.

Tulipofika nyumbani mjomba alieleza, akiwa amekaa kwenye kigoda akivua viatu, kwamba bila siku ya mnada hakuna ukumbi, na bila ukumbi atarudi kulima pamba kwenye shamba la kaka yake mkubwa, ambaye amesubiri miaka tisa kumcheka. "Miaka tisa, mjomba," alisema, maana sisi tunaitana hivyo pande zote mbili. "Ameshaandaa hadi kicheko chenyewe. Nimemsikia anakijaribu."

Wiki ile mjomba alifanya alichojua. Alipaka mlango rangi. Alikwenda kanisani akaombewa, na akirudi akapitia kwa mtu fulani aliyempa unga wa kunyunyizia kizingitini ili watu wavutike, kama wanavyofanya wakubwa wa ngoma. Nilipomuuliza anategemea kipi kati ya viwili, alisema rangi.

Mimi nilijifungia na kipande cha mwisho ndani ya flashi nikajaribu kukitazama mapema, lakini betri ya kompyuta ilikata dakika ya ishirini, na umeme ulikuwa umeondoka tangu asubuhi. Sikujali. Nilijua mwisho wowote ambao wangeuleta, ningeurekebisha.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na vumbi la kwato lilisimama hewani kama pazia la dhahabu chakavu. Tulijaa. Mabenchi yalijaa, sakafu ikajaa, watu wakasimama nyuma na baiskeli zao kwa kuogopa kuziacha nje. Mjomba alichungulia ng'ambo akarudi akininong'oneza kwamba nao wamejaa, lakini sisi tumejaa zaidi kidogo. Nikaanza. Sijawahi kutafsiri vile tena. Kapteni alivua gwanda akakataa cheo, nikampa maneno ambayo yalifanya mtu wa benchi la tatu apenge kamasi. Luteni akamkimbilia kwenye mvua. Wakashikana. Muziki ukapanda, na waandishi wa tamthilia, kwa kuwa walikuwa wanaaga, wakaanza kupitisha picha za watu wote waliowahi kuwemo: jaji, mpishi, mjane, jenerali mnene.

Kisha koplo. Nyuma ya nondo, amekaa kitandani, anatazama mlango.

Mama wa dagaa akasimama taratibu, ndoo ikabaki chini.

"Mwandishi," alisema. Ndivyo walivyoniita. "Huyo si yule uliyemwoza?"

Nikajibu upesi kwamba ni picha ya zamani, wanakumbushia tu, koplo yuko kwake anakula vizuri. Nilidhani nimetoka. Lakini mchuuzi wa Ipililo alikuwa amekwisha kuinama mbele, viwiko juu ya magoti, kama anavyokagua pembe kujua jike limezaa mara ngapi.

"Nywele," alisema. "Siku anaingia zilikuwa zimenyolewa. Sasa zimefika masikioni. Picha ya zamani haioti nywele, mwandishi. Huyo yuko ndani mpaka leo."

Ningeweza kusema alikamatwa tena. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Lakini nilimtazama mama wa dagaa na niliona hasira yake haikuwa ya mtu aliyedanganywa kuhusu filamu. Wote tulijua ni filamu. Ilikuwa ya mtu aliyeacha kuulizia kijana aliyefungwa kwa sababu mimi nilimwambia ameshatoka. Wiki zote zile yeye hakuuliza. Nikashusha maiki.

"Sijui alipo," nilisema. "Yule mpishi alikuwa analalamikia chumvi. Koplo hawakumtaja tena. Mengine nilitunga."

"Na mtoto wa luteni?"

"Nilitunga."

"Na urithi wa jenerali?" aliuliza yule bibi, na hapo ndipo niliposikia uchungu wa kweli ukumbini.

Hawakunizomea. Ingekuwa nafuu. Mchuuzi alisimama akasema basi twende tukaulize ng'ambo, kule kuna daftari, na wakatoka wote, pamoja na baiskeli. Mjomba alisimama kizingitini juu ya unga wake akiwatazama wanavyopita mmoja mmoja, mikono imeegemea rangi mpya. Ilikuwa saa tisa na robo. Alinitazama mara moja tu. Ni kicheko cha kaka yake nilichokiona katika macho yale.

Ila hawakufika ng'ambo. Kwa sababu kule nako picha ileile ilikuwa imepita dakika ileile, karani amesema "shauri la koplo, bado, na tamthilia imekwisha," na watu wake wakakataa kukubali kwamba shauri linaweza kufungwa kwa namna hiyo, mtu yuko ndani na jaji amekwenda zake kwenye mvua. Nao walikuwa wanatoka kuja kwetu, kwa kuwa walisikia wiki nyingi kupitia spika kwamba kwetu koplo alishaachiwa. Wakakutana katikati, kwenye njia ya ng'ombe.

Nikasikia mchuuzi akiuliza kiberiti kilikutwa mfuko gani. Mtu akasema shati. Mwingine akasema koplo hakuwahi kuonekana akivuta sigara. Mama wa dagaa akasema mlinzi wa ghala alikuwa anavuta, tena kila alipoonekana. Mtu wa upande wa pili akataka kujua upepo ulikuwa unatoka wapi siku ya moto, na kulizuka ubishi mkali kuhusu bendera ya kambi. Kundi la ng'ombe lilikuja likasimama, halina pa kupita, na wachungaji wake nao wakaacha fimbo zao wakauliza nini kimetokea. Watu wakaanza kukaa chini. Wakamwita karani asome daftari. Alisimama mlangoni kwake muda mrefu kidogo, kisha akatoka, kwa sababu, aliniambia baadaye, miaka yote mahakamani aliandika maoni ya watu wengine na hakuna aliyewahi kumuuliza yake. Alisoma kurasa zote. Halafu akatoa yake: mlinzi. Kelele zikafika hadi kwa dalali, naye akaacha kunadi akaja.

Walimwona koplo hana hatia. Kosa lilimwangukia kapteni, kwa kumwahidi mtu kesho na kutorudi, na alihukumiwa kutoa dume moja lichinjwe liliwe na wote pamoja na koplo, ndipo jambo liishe. Kulikuwa na waliotaka madume mawili.

Mtendaji alifika saa kumi kamili na karatasi yake. Alisimama mbele ya umati ule uliokaa njiani, akauliza nani anatazama wapi, na watu wakaendelea kubishania madume. Basi akafanya alichokuja kufanya. Aliingia ukumbi wa ng'ambo, akatoka akaandika sifuri. Akaja kwetu. Kwenye benchi la nyuma kabisa, ameegemea ukuta, kofia usoni, alikuwepo mzee mmoja aliyeuza mbuzi wake mapema na alikuwa amelala tangu mwanzo wa kipande. Mtendaji aliandika moja.

Mwenye ukumbi wa ng'ambo alipinga. Alisema mtu aliyelala si mtazamaji.

"Niliagiza waliomo ndani," mtendaji alisema. "Habari za walio macho sikuagiza."

Mjomba alimnunulia mzee soda baridi na hakumwamsha. Aliiweka pembeni yake na kukaa kumsubiri, akimfukuzia nzi.

Kabla ya mnada uliofuata mjomba alivuka njia akazungumza na karani, ambaye siku ya mnada sasa hakuwa na pa kufanyia kazi. Nilijua alikokwenda kwa jinsi alivyokwepa kunitazama alipokuwa anatafuta viatu. Aliporudi alikaa kwenye kigoda. Alisema mimi naandika vizuri, kila mtu anajua, hata yule mchuuzi amesema. Alisema tamthilia mpya inayoanza ni ya madaktari. "Wewe, mjomba, wagonjwa utawafufua," alisema. "Na watu wameshakujua."

Nilibishana kidogo, kwa ajili ya heshima. Kisha nikampelekea karani maiki mwenyewe, nikamwonyesha swichi yake ambayo hukwama. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimeandika mahali popote yale yote niliyotunga, maana angependa kuyasoma, lakini nyumbani, si kazini.

Siku ya mnada niliingia kama watu wengine na kutafuta nafasi. Benchi la pili lilikuwa na kipande kilichobaki karibu na mama wa dagaa. Alinitazama, akaitazama runinga ambako nesi alikuwa anatoka mlangoni kwenda kuleta kitu, akasogeza ndoo yake kwa mguu nikakaa.

"Na leo," alisema, "usituambie kitu."